Kabla ya kidonge cha kwanza

Baridi yabisi ni jina linalopoteza watu. Wakisikia unaumwa hivyo, wanakuletea sweta. Ugonjwa huu hausababishwi na hali ya hewa. Ni kinga ya mwili iliyogeuka na kuvishambulia viungo vyake yenyewe. Ndiyo maana dawa tunazotumia, kuanzia metotreksati hadi zile sindano za bei mbaya, zote kazi yake ni kuipunguza kinga makali.

Kila wagonjwa tunapokutana, hazikosi habari kwamba dawa hizi "zinaleta saratani". Baada ya siku chache unasikia fulani ameacha vidonge. Hofu yake naielewa. Ila naona tunaogopa mahali pasipo penyewe.

Saratani kadhaa chanzo chake ni virusi. HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, husababisha karibu saratani zote za shingo ya kizazi, na nyingine za koo na njia ya haja kubwa. Homa ya ini B na C huliharibu ini polepole hadi kuzaa saratani. Halafu kuna kirusi cha Epstein-Barr, ambacho zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wanacho bila kujua. Kinga ikiwa macho, kirusi hicho hukaa kimya maisha yote. Ikilegezwa, mara chache sana huamka na kuchochea limfoma, saratani ya chembe za kinga zenyewe. Wapo wagonjwa wa limfoma ya namna hii ambao uvimbe umenywea kwa kusimamisha metotreksati tu, kabla hata ya dawa ya saratani. Nilipolisoma hilo nilikaa nalo siku nzima.

Lakini upande wa pili nao usemwe: baridi yabisi iliyoachwa iwake miaka mingi, nayo huongeza hatari ya limfoma. Aliyetupa vidonge hajakimbilia usalama.

Kinachoniudhi mimi ni kipimo kisichofanyika. Kwa homa ya ini B, angalau wengi wameamka. Dawa kama rituksimabu, mojawapo ya zile sindano, inaweza kukiamsha kirusi hata kwa mtu aliyepona zamani, kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kuanza, na mwenye kirusi hupewa dawa ya kukizuia. Shingo ya kizazi je? Miaka tisa nimeminywa vidole, nimepimwa damu na ini, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilipimwa lini huko chini. Nilipouliza mwenyewe, daktari wa viungo akanijibu kwa upole, "Hilo ni la wenzetu wa magonjwa ya wanawake." Hao wenzake nao hawajawahi kuniuliza natumia dawa gani.

Kwa wanawake wanaoishi na VVU, Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha HPV kuanzia miaka 25, na kurudiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Wanawake wengine huanza miaka 30, na kurudia kila baada ya 5 hadi 10. Sababu ya tofauti hiyo ni kinga iliyopunguzwa na VVU. Yangu imepunguzwa kwa kidonge, tena kwa cheti cha daktari. Sioni kwa nini nisahaulike.

Na chanjo zipo. Ya HPV na ya homa ya ini B hazina kirusi hai, kwa hiyo hata anayetumia dawa hizi anaweza kuchanjwa. Ila kinga iliyolegezwa haijifunzi vizuri, hasa baada ya rituksimabu. Wakati wa kuchanjwa ni kabla ya dawa, siku ileile unapoambiwa ugonjwa wako unaitwaje, na siku hiyo hakuna anayezitaja chanjo.

Mwezi uliopita nilikwenda kupima. Muuguzi aliponisikia nikitaja metotreksati, aliitafuta nafasi ya dawa kwenye fomu, akaikosa, akaiandika pembeni kwa kalamu.