Pezi la Bosi na Mwani wa Shangazi

Bosi wangu ana msemo wake: "Pezi ni pezi." Anao tangu aliponiajiri kwenye kibanda chake cha kukodisha mbao za tanga, zile za kuteleza baharini kwa upepo, hapa Jambiani, Unguja, na wallahi sijui nani alimdanganya. Yeyote aliyewahi kupanda ubao ule atakwambia kwamba kile kipande kinachofungwa chini, huku nyuma, ndicho kinachoamua kama utarudi kwa upepo au kwa miguu.

Mimi nilirudi kwa miguu.

Ilikuwa msimu wa kusi, asubuhi, upepo bado mchanga. Mgeni mmoja, pande la mtu, alishaweka miadi ya kupanda, na bosi akataka ubao wake ujaribiwe mapema. Kwa uzito ule na upepo ule, tanga likawa la mita za mraba 8.5. Tanga kama hilo huenda na pezi la sentimita 46 hadi 50. Sasa la 50 bosi alikuwa amemwazima rafiki yake wa Paje, kwa hiyo akachukua la sentimita 28, ambalo kazi yake ni tanga la mita 5 siku ambayo upepo unang'oa makuti. Nikamwambia, "Bosi, hili dogo." Alichonijibu mnakijua.

Niwaeleze kidogo wasiopanda. Upepo hausukumi tanga kwenda mbele tu, unalisukuma na ubavuni. Jahazi lina mkuku wa kulikatalia hilo. Ubao wetu hauna mkuku, una pezi, na pezi hushika maji kadiri ya vitu viwili: ukubwa wake na mwendo wako. Ukienda kasi, hata dogo linashika. Ukienda polepole na tanga kubwa mkononi, dogo halina la kusema.

Langu halikusema kitu. Kila nilipobisha, yaani kukata mshazari dhidi ya upepo, nirudi nilikotoka, nilimaliza safari nikiwa chini ya nilipoanzia. Kisha likaja pepo moja la ghafla, nikafurahi, nikajiegemeza kwa nguvu zote, na nyuma ya ubao ikaniponyoka. Mchezo wake ni huu: pezi likizidiwa, hewa inafyonzwa kutoka juu kufuata ubavu wake, maji yanaachana nalo, na kuanzia hapo umebebwa na kitu kisichoshika popote. Pua ya ubao ilikuwa inatazama mwamba ule wa baharini mawimbi yanapovunjikia, makalio yanakwenda Paje. Nikautuliza, nikaanza tena, ukaniponyoka tena.

Kusi kwetu inasukuma kuelekea kaskazini, na kaskazini yetu ni Paje. Nikatokea Paje, katikati ya vijana wa kaiti, wale wanaovutwa majini na tiara. Wakanipisha kwa heshima zote, kama wanavyopisha jeneza. Nikaulizia kwa rafiki yake bosi, nikachukua lile pezi la 50, nikarudi Jambiani kwa kufuata pwani, ubao kichwani, tanga begani, pezi mkononi. Watoto wawili wa chuoni walinisindikiza kipande kirefu wakiniuliza kwa nini sikupanda kitu changu.

Bosi aliponiona akaruka juu. "Nani kakupa lile dogo?"

Sikumjibu. Mshahara ulikuwa bado.

Kesho yake akawa mtaalamu. Usiku alikuwa kwenye simu akitazama Olimpiki za zamani, akaja na hoja. Na hoja yenyewe ilikuwa ya kweli: kuanzia Beijing 2008 mpaka Tokyo, wanaume walishindana kwa ubao wa RS:X, wenye pezi la sentimita 66 chini ya tanga la mita za mraba 9.5. Siku hizi wamehamia kwenye foili, bawa la chini ya maji linaloubeba ubao, wanapita juu ya maji kabisa, lakini enzi zile pezi lilikuwa pezi. Asichokisema bosi ni kwamba wale walikuwa na bahari chini yao. Sisi siku za bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, na yakipwa unatembea mpaka karibu na mwamba bila kulowesha mapaja. Na siku hiyo ilikuwa bamvua.

Nikafunga lile la 50. Ni zaidi ya dhiraa nzima. Na nisiwe mwongo, lilikwenda! Kwa upepo mdogo ule nilibisha kuelekea Makunduchi, kusini kwetu, kwa pembe ambayo sijawahi kuipata, ubao umeshika njia, mimi nimejitundika kwa ile ndoano ya mkanda wa kiunoni nikitazama ng'ambo kama mwenye mali.

Kusi ikakaza. Pezi kubwa likipata kasi halishiki tu, linanyanyua. Ubavu wa ubao wa upande wa upepo ukaanza kupanda, mie nakanyaga, nao unapanda. Mwenye akili angeshusha tanga, lakini kwa kasi ile na ndoano imebana hata kukohoa unaogopa. Nikawa nimesimama juu ya kitu kinachotaka kulala ubavu, nakimbia kuelekea pwani, na maji yanakimbia kuelekea mwamba. Tukapishana.

Wanawake wa huku wanalima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Shamba ni vijiti vilivyopigwa mchangani, na kati ya kijiti na kijiti kamba, na kwenye kamba vishada vya mwani vimefungwa kimoja kimoja kwa mkono. Pezi la kawaida lingepita juu. Langu likaingia kwenye kamba ya kwanza. Nikasikia pwa! kijiti kimetoka. Pwa! cha pili. Ubao ukavuta kamba, kamba ikavuta jirani yake, pwa, pwa, pwa, mpaka ikafika iliyofungwa na mtu asiyekubali mchezo. Ubao ukasimama. Tanga halikusimama, na mie nilikuwa nimefungwa nalo kiunoni.

Niliporudi duniani nilikuwa nimekaa kwenye maji ya magoti, mwani shingoni, mwani masikioni, na mbele yangu miguu ambayo naijua tangu utotoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuvuna?"

Wenziwe walicheka mpaka mmoja akakaa majini. Shangazi hakucheka. Alihesabu vijiti vilivyoelea, akanitazama, akasema, "Kaka yangu kazaa. Haya, inuka, vijiti havijirudishi."

Ubao haukuweza kutoka pale na lile pezi. Bisibisi ninayo mfukoni siku zote, nikalifungua. Shangazi akanipokonya. Akalipima uzito mkononi, akalipindua, akalishika ule upande mwembamba uliotengenezwa kwa hesabu ukate maji, na kwa kile kichwa chake kinene kinachoingia kwenye ubao akagonga kijiti. Kikazama mara moja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lile pezi, jamani, bei yake ni mbuzi wawili na chenji.

Tulikuwa safu ya tatu, mie nafunga mwani na yeye anagonga, nilipomwona bosi anakuja majini na suruali kaikunja, yule mgeni wake nyuma. Alipoona kinachogongewa, akasimama.

"Mama, shikamoo. Hicho kifaa ni changu."

"Marahaba, mwanangu. Na vijiti hivi ni vyangu."

Bosi akainama akaokota kijiti. Mgeni naye akaokota, tena kwa furaha. Nadhani alidhani ni sehemu ya ziara. Tangu hapo kibandani tuna mapezi yaliyolala nyuma, yale ambayo kamba na majani yanateleza na kupita, na maji yakianza kupwa hatukodishi.

Tulipomaliza, shangazi akaliosha pezi, akampa bosi kwa mikono miwili.

"Zuri, lakini zito kwa mkono wangu. Hamna dogo lake?"

Lile la sentimita 28 liko kwake mpaka leo.