Charles Naye Ahukumiwe

Mume wangu anaamini Rosa aliuawa na baba yake. Mimi naamini aliuawa na Charles. Tumelibishania jambo hili tangu tulipoirudia riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, na kwa kuwa hadi leo hakuna aliyekubali kushindwa, nimeona niandike upande wangu. Wake pia nitausema, maana una nguvu. Nitataja miisho ya riwaya tatu humu, kwa hiyo anayetaka kuzisoma kwanza na azisome.

Kwa walioisoma shuleni ili wafaulu mtihani na kusahau: Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, wa Namagondo, kisiwa cha Ukerewe. Zakaria ni mlevi. Siku anapoikamata barua ambayo Rosa ameandikiwa na kijana aitwaye Charles, anampiga binti yake kipigo cha mtu na adui yake. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Anakwenda shule ya bweni Mwanza, baadaye chuo cha ualimu Morogoro, na akiwa mbali na mkono wa baba mambo yanageuka. Anatoka na mwanaume huyu, kisha yule, anatoa mimba, jina lake linachafuka. Mwishowe anaamua kutulia. Charles yule yule wa barua anarudi maishani mwake, wanapendana, wanapanga kuoana. Charles anapojua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Mume wangu, Baba Neema, ni mtu wa huko huko kisiwani. Kwake Namagondo si jina la kitabuni. Ana shangazi njia hiyo. Anaposoma habari za Zakaria anasoma kwa uchungu, anafunga kitabu, anakifungua tena. Hoja yake ni hii: mtoto akipigwa kwa sababu ya barua aliyoletewa, barua ambayo hakuiandika yeye, anachojifunza ni kwamba mwanaume yeyote akimsogelea, kosa ni la msichana. Hajafundishwa kukataa wala kukubali. Amefundishwa kuogopa tu, na hofu inabaki nyumbani kwa baba siku anapopanda meli kwenda Mwanza. "Mama Neema," ananiambia, "Charles alimkuta Rosa ameshavunjika. Aliyevunja ni mzee."

Namwelewa. Lakini namuuliza: aliyevunjika akajiunga mwenyewe, akasimama, kisha mtu akamwangusha, utamwacha huyo wa pili aende zake? Rosa anayerudiana na Charles si yule wa Morogoro. Ameshajihukumu, amebadilika, anataka nyumba na mume kama mtu mwingine yeyote. Zakaria alimpiga akiwa mtoto na hakufa. Neno la Charles ndilo lililommaliza, na Charles hakunyanyua hata kidole.

Kinachonikera zaidi ni jinsi tunavyomsoma huyu kijana. Nakala tuliyonayo tuliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, na mwanafunzi aliyekuwa nayo kabla yetu aliijaza maandishi ya kalamu ya bluu pembezoni. Kila Rosa anapokosea kuna mstari na neno pembeni: "tabia mbaya", "tamaa", "uhuni". Ukurasa mmoja una herufi kubwa kabisa: "FUNDISHO: WASICHANA WAJITUNZE." Nilipofika pale Charles anapomwacha Rosa, niliigeuza kurasa pole pole nikitafuta kalamu ya bluu. Hakuna alama hata moja. Pale hapakuwa na fundisho. Simlaumu mwanafunzi yule, ndivyo alivyofundishwa kusoma, na ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu. Sijawahi kumsikia msomaji akiuliza Charles naye alikuwa msafi kiasi gani.

Riwaya hii ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo iliyoyasema wazi, na ilichukua muda kuruhusiwa. Naona kuiruhusu na kuifanya onyo kwa wasichana ni namna nyingine ya kuiziba mdomo.

Hapo ndipo Baba Neema anapotoa karata yake kubwa. Kezilahabi hakuimaliza hadithi kaburini. Anampeleka Rosa na baba yake mbele ya Mungu, na kesi inasikilizwa huko. "Angalia ni nani aliyeitwa," ananiambia. "Mwandishi mwenyewe kamwita Zakaria. Charles hayupo."

Nililala na hoja ile. Asubuhi, tukinywa chai, nikampa jibu langu, na bado nalishikilia: Charles hakuitwa kwa sababu yu hai. Wafu wamekwenda kuhukumiwa mbinguni. Charles amebaki duniani pamoja nasi, ataoa mke mwingine, ataheshimiwa kanisani, atazaa mabinti. Kesi yake mwandishi ametuachia wasomaji. Baba Neema alicheka, akasema nimejitungia sura ambayo haimo kitabuni. Labda. Lakini riwaya inayoacha mtu wa namna ile akitembea huru inataka msomaji afanye kitu.

Baada ya hapo tukaamua kutafuta wanaume wengine wa aina ya Charles, yaani wale wanaosema wanapenda. Kwa kawaida riwaya zetu tunazijadili kupitia msichana: alikosea wapi, alidanganywa na nani, ameangukia wapi. Tukajaribu kuzisoma kupitia mwanaume anayesimama mbele yake na kutamka kwamba anampenda. Zilituonyesha mengine kabisa.

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, baba ni Maksuudi, tajiri mwenye heshima mjini na maovu chumbani. Mkewe Tamima na binti yake Maimuna wamefungiwa ndani kana kwamba nje kuna moto. Tamima anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, mkunga anaitwa kumsaidia kwa siri, na kwa Maksuudi kuingia kwa mkunga yule ni dhambi kuliko mkewe kufa. Kipigo, talaka, nyumba inasambaratika. Maimuna anatoroka. Hajawahi kuishi nje ya kuta nne, na anaangukia kwa Mama Jeni, kwenye nyumba ya ukahaba.

Hadi hapo unaweza kusema ni Rosa mwingine: baba mkali, binti asiyeijua dunia, dunia inayomngoja mlangoni. Baba Neema alisema hivyo hivyo, tena kwa ushindi. Lakini Maimuna anampata Kabi. Kabi anajua alikotoka. Hajadanganywa, hajafichwa, wala hahitaji kuambiwa na majirani. Anamwoa. Kwangu mimi uamuzi ule ni mkubwa kuliko maovu yote ya Maksuudi, na sielewi kwa nini uchambuzi mwingi unaupita haraka kwenda kwenye utengano wa kitabaka na wa kijinsia. Yupo mwanaume katika riwaya ya Kiswahili aliyejua kila kitu na hakuondoka! Tumpe ukurasa wake.

Mume wangu hamkubali sana Kabi. Anamwona mtu asiye na uzito, aliyeandikwa ili hadithi ipate pa kushukia. Nakiri ndani ya kitabu Maksuudi ana damu na nyama kuliko Kabi. Waovu huandikika kirahisi. Lakini uzito wa mhusika ni jambo moja na uzito wa tendo lake ni jingine, na tendo la Kabi ni lile lile ambalo Charles alilishindwa. Mtu akiniuliza kwa nini Maimuna hakufa kama Rosa, sitaanza na jibu la tofauti ya waandishi wala la Unguja na Ukerewe. Nitaanza na Kabi.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, ndiyo iliyotugombanisha kwa raha. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza wa miaka 52. Anatoroka. Kwao wanamkataa, anapokelewa na shoga yake Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, na huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na ambaye maisha yake yote ameyaweka kwenye kupigania uhuru wa Zanzibar. Baba Neema anampenda Denge bila kipimo. Akisoma sehemu za makachero wa Mwingereza wakimwinda, anazisoma kwa sauti, nami naacha ninachofanya kumsikiliza, maana Kiswahili cha Shafi kinasikika vizuri kuliko kinavyosomeka kimya kimya. Amil Shivji alipoitengenezea filamu mwaka 2021 aliwaweka Yasmin na Denge katikati, na nilielewa kwa nini.

Ila mimi Denge nina neno naye. Anampenda Yasmin, sina shaka, na hamuulizi habari za Raza hata siku moja kwa namna ya kumdhalilisha. Katika hilo amempita Charles mbali sana. Lakini Denge ana mke mkubwa, nchi, na Yasmin anasubiri. Anayekuja kumwoa na kukaa naye ni Bukheti. Baba Neema anasema bila watu kama Denge kusingekuwa na uhuru wa mtu yeyote kuolewa na amtakaye, na kwamba namtaka mpigania uhuru arudi nyumbani saa kumi na mbili jioni. Simtaki hivyo. Nachosema ni kwamba Shafi ameona kitu ambacho mashabiki wa Denge hawakioni: amemfanya shujaa awe Denge, lakini furaha ya Yasmin ameiweka kwa mtu mwingine. Mwandishi aliyefungwa kwa siasa, aliyeandika riwaya ya Haini baadaye, hawezi kushutumiwa kwamba anadharau mapambano. Alijua gharama yake, na alijua inalipwa na nani nyumbani.

Wote watatu, Kezilahabi, Said Ahmed na Shafi, ni wanaume. Nalisema hili kwa heshima. Walimwandika msichana kwa huruma wakati ambapo wengi walimwandika kama pambo. Lakini ningependa kusoma Charles aliyeandikwa na mwanamke.

Binti yetu yuko kidato cha pili, na ameshaanza kuuliza ni kitabu gani hicho kinachofanya wazazi wapandishiane sauti mezani. Baba yake anataka aanze na Vuta N'kuvute. Mimi nataka aanze na Rosa, tena nakala hii hii, na nimemwambia Baba Neema kwamba pale kwenye kurasa zisizo na kalamu ya bluu nimeweka maandishi yangu kwa penseli. Hatujakubaliana.

Kwa sasa zamu ni ya Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed. Ametangulia kuisoma yeye, na yuko kwenye sura za baba, kwa hiyo amejaa hasira na ushahidi mpya wa hoja yake. Namsubiri amfikie Sulubu, mwanaume anayemwoa Rehema.