Ile Asilimia Haikutoka kwenye Leza

Juzi nilimwona mtu akielekeza kifaa cha leza cha mkononi, kile cha kutambua elementi, kwenye kipande cha feleji. Akafyatua mara moja, akasoma kwenye kioo: kaboni asilimia 0.21. Akaiandika kwenye ripoti, akaondoka. Kipande chenyewe kilikuwa na kutu! Hasira haijanitoka hadi leo.

Jamani, leza haipimi kaboni. Mpigo wake wa nanosekunde chache huvukiza chembe ndogo mno ya uso wa kitu. Mvuke ule hugeuka plazma, yaani gesi yenye chaji za umeme, yenye joto la nyuzi elfu kumi na zaidi, na inapopoa, kila elementi hutoa mwanga wenye urefu wake wa wimbi: lithiamu kwenye nanomita 670.8, sodiamu kwenye 589.0 na 589.6. Mwanga huo unakuambia nani yumo. Yumo kwa kiasi gani? Hilo hulijui mpaka uwe umepiga sampuli nyingine ambazo viwango vyake vinajulikana, na zinazofanana na kitu unachopima. Kaboni ya kiasi kilekile haiangazi sawa ndani ya feleji na ndani ya udongo, kwa kuwa vitu hivyo havivukizwi sawa, na plazma zake hazilingani joto. Ukipima jiwe kwa ulinganisho uliotengenezwa kwa feleji, kifaa hakitakataa. Kitakupa namba, tena yenye desimali mbili.

Na kaboni ndiyo inayosumbua zaidi. Mstari wake wa mwanga unaotumika sana, wa nanomita 193, humezwa na hewa, ndiyo maana hupulizwa gesi ya argoni, na uso husagwa kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kupata kalsiamu tele kwenye chuma. Nikarudia kupiga palepale, kalsiamu ikapungua kila mpigo. Kumbe nilikuwa napima mabaki ya rangi.

Roboti ya Curiosity ilitua Mirihi Agosti 2012 ikiwa na kifaa cha ChemCam, kinachopiga kwa leza mawe yaliyo umbali wa hadi mita 7. Waliokiunda walifunga vipande vya kulinganishia kwenye mwili wa roboti yenyewe. Kwa kawaida nukta moja hupigwa mara 30, na mipigo mitano ya mwanzo huwekwa kando kwa sababu ya vumbi. Sisi tuna jiwe la kusagia mkononi, tunashindwa nini?

Haya, nakubali: leza ni ya haraka, haihitaji kuyeyusha sampuli kwa asidi, na inaona lithiamu na berili ambazo vifaa vya mkononi vya eksirei havizioni. Kwa kutenganisha vyuma chakavu, mpigo mmoja unaweza kutosha.

Lakini kaboni ndiyo inayoamua feleji ichomelewe vipi. Ikiwa kweli ni 0.4, kiungo kinaweza kupasuka kikipoa. Ripoti ile haisemi uso ulisafishwaje, ilipigwa mara ngapi, wala ililinganishwa na nini, na kuna fundi atawasha mashine yake akiiamini.