Ukahaba: nani anafaidika na woga wa kwenda polisi?

Mjadala wa kuhalalisha ukahaba huharibika mapema kwa sababu pande mbili hazijibu swali moja. Upande mmoja unauliza kama ni sawa mwili wa mtu kuuzwa. Upande wa pili unauliza mwanamke aliyepigwa na mteja saa nane za usiku akamweleze nani. Swali la kwanza ni zito, na wanaolishikilia, wakiwemo viongozi wa dini na baadhi ya wanaharakati wa haki za wanawake, si watu wa kubezwa. Lakini wabunge hawapigi kura kuamua kama jambo ni jema. Wanaamua nani akamatwe. Uzinzi ni dhambi kwa mamilioni ya waumini, na bado katika nchi nyingi hakuna askari anayegonga mlango kwa sababu yake.

Basi tuanze na kukamatwa. Pale ukahaba ulipo jinai, askari ni nadra kushuhudia tendo lenyewe, kwa hiyo hutafuta dalili: mavazi, saa, mtaa, mkoba. Na ndani ya mkoba hutafuta kondomu. Mwaka 2012 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu miji minne ya Marekani, ikiwemo New York na Washington, ikieleza jinsi polisi na waendesha mashtaka walivyotumia kondomu kama ushahidi wa ukahaba, wakati idara za afya za miji hiyo zikizigawa bure. Mwanamke aliyewahi kukamatwa kwa kubeba nyingi hubeba moja, au hatembei nazo kabisa. Hapo ugonjwa unaenea kwa msaada wa sheria yenyewe.

Hongo nayo huingia kwa mlango huohuo. Askari mwenye uwezo wa kukamata ana uwezo wa kuachia, na bei ya kuachia huwa fedha, au ngono ileile ambayo sheria inadai kuipiga vita. Mteja katili anaujua mchezo huu kuliko mbunge yeyote. Anajua kwamba mwanamke aliyepigwa, aliyenyang'anywa simu au aliyebakwa hatakwenda kituoni, kwa sababu maelezo yake yangeanza kwa kukiri kosa. Anachagua windo lake kwa kigezo hicho.

Kuna takwimu moja ninayoirudia kila mara, kwa kuwa naona haijaeleweka. Mwaka 2014 jarida la tiba la Lancet lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu VVU na watu wanaouza ngono. Watafiti walitumia hesabu za makadirio kwa miji ya Vancouver, Mombasa na Bellary iliyoko India. Walikuta kwamba kuondoa jinai kungeweza kuzuia kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi mapya miongoni mwa wauzaji na wateja wao katika miaka kumi. Ni makadirio, si hesabu ya watu waliopimwa. Hata hivyo, mtu akiisikia kwa mara ya kwanza hushtuka: iweje kufuta kifungu cha sheria kufanye kazi ya namna hiyo?

Jibu liko katika dakika chache za mazungumzo kando ya barabara. Mwanamke anayeogopa polisi hupanda gari upesi. Hapati nafasi ya kuutazama uso wa mteja, kusoma namba za gari, kukubaliana bei, na juu ya yote kusema bila kondomu hapana. Anakwenda kwenye giza, mbali na watu, kwa sababu penye mwanga ndipo penye doria. Hawezi kukodi chumba pamoja na mwenzake, kwa kuwa katika sheria nyingi wanawake wawili chini ya paa moja tayari ni danguro. Hawezi kumlipa mlinzi, kwa kuwa mlinzi huyo atashtakiwa kwa kuishi kwa mapato ya ukahaba. Kila njia ya kujikinga ina kifungu chake cha kuiziba. Hii ndiyo sababu Mahakama ya Juu ya Kanada, Desemba 2013, ilibatilisha kwa kauli moja vifungu vitatu vya aina hiyo. Katika nchi ambayo kuuza ngono kwenyewe hakukuwa kosa, majaji waliona vifungu hivyo vinawazuia watu wanaofanya shughuli halali kujilinda wasidhuriwe.

Wanaopinga kuhalalisha wana hoja yao kubwa, nayo ni Ujerumani. Sheria ya mwaka 2002 iliufanya ukahaba kuwa kazi kama kazi nyingine, na kilichofuata kiliwatia wengi wasiwasi: madanguro makubwa yenye matangazo, na wasichana wengi kutoka mataifa maskini ya Ulaya Mashariki. Mwaka 2019 mmiliki wa danguro mashuhuri la Stuttgart alihukumiwa kifungo cha miaka mitano, kosa mojawapo likiwa kusaidia usafirishaji haramu wa binadamu. Alikuwa mfanyabiashara mwenye leseni, aliyezoea kuhojiwa kwenye televisheni. Utafiti wa Cho, Dreher na Neumayer wa mwaka 2013, uliohusisha nchi zipatazo 150, ulikuta kwamba penye ukahaba halali, kwa wastani, taarifa za watu kuingizwa kwa magendo ni nyingi zaidi. Watafiti wenyewe walionya kwamba takwimu za biashara hiyo ya siri ni dhaifu, lakini mantiki yao haipuuziki: soko likipanuka na wanaojitolea wasitoshe, wapo watakaolijaza kwa kulazimishwa.

Uswidi ilikwishachukua njia nyingine mwaka 1999: muuzaji haguswi, mnunuzi ndiye mhalifu. Norwe, Ufaransa na Ireland zikafuata baadaye. Ninaiheshimu hoja yao, kwamba kati ya wawili hao mwenye nafasi ya kuchagua ni mwenye pesa, basi mzigo umwangukie yeye. Tatizo ni kwamba mteja anayeogopa kukamatwa anataka mambo yaishe haraka, hatoi jina lake, na anadai mahali pa kificho. Zile dakika za kupatana zinapotea tena. Na mjini Oslo, Norwe, polisi waliendesha operesheni wakiwashinikiza wenye nyumba kuwafukuza wapangaji waliodhaniwa kuuza ngono, wasije kushtakiwa kwa ukuwadi. Mwanamke ambaye sheria imemwita mwathirika akajikuta nje na mabegi yake.

Ujerumani, hata hivyo, haithibitishi kile wapinzani wanachodhani. Inaonyesha udhaifu wa leseni na kadi. Mwaka 2017 nchi hiyo iliongeza sheria ya kumtaka kila anayeuza ngono ajiandikishe na kupata ushauri wa afya. Kufikia mwisho wa 2019 waliojiandikisha walikuwa takriban 40,000, sehemu tu ya wote wanaofanya kazi hiyo. Nani anataka jina lake likae kwenye faili la serikali kwa kazi ambayo mama yake haijui? Senegal ina utaratibu wa kadi ya afya tangu mwaka 1969, kwa wenye umri wa miaka 21 na kuendelea, na wengi bado wanafanya kazi bila kadi. Uingereza ilijaribu mapema zaidi: sheria za mwaka 1864 na kuendelea ziliruhusu wanawake waliodhaniwa makahaba karibu na kambi za jeshi wapimwe kwa lazima, huku wanaume waliowaambukiza wakiachwa. Kampeni ndefu iliyoongozwa na mwanaharakati Josephine Butler ilizifikisha sheria hizo kufutwa mwaka 1886. Udhibiti wa namna hii huligawa kundi moja kuwa mawili, wenye kadi na wasio nayo, na wasio nayo wanarudi kumkimbia askari yuleyule.

Kwa hiyo ninapounga mkono kuondoa jinai, sisemi danguro la ghorofa tano lenye taa nyekundu. Ninawaza zaidi New Zealand, ambako sheria ya mwaka 2003 ilipita kwa kura 60 dhidi ya 59, mbunge mmoja akijizuia kupiga kura. Sheria hiyo inawaruhusu hadi wanne kufanya kazi pamoja nyumbani bila cheti, mradi kila mmoja ashike mapato yake. Mwenye danguro lazima awe na cheti, na mwenye rekodi ya makosa makubwa hukataliwa. Kondomu ni lazima, na kumtumia aliye chini ya miaka 18 ni kosa kubwa. Kamati ya tathmini iliporipoti mwaka 2008, haikukuta ongezeko la watu kwenye biashara hiyo lililoletwa na sheria. Zaidi ya asilimia 60 ya waliohojiwa walisema sasa wanaweza kumkataa mteja kwa urahisi zaidi. Kamati ilisema pia kwamba unyanyapaa na ukatili wa barabarani haujaisha, na ni vizuri ilisema.

Mwaka 2014 mwanamke mmoja wa danguro jijini Wellington alimshtaki bosi wake mbele ya baraza la haki za binadamu kwa kumsumbua kingono kwa maneno, akashinda na kulipwa dola 25,000 za nchi hiyo. Baraza lilisema wazi kwamba kuuza ngono hakumwondolei mtu haki ya kutosumbuliwa kazini. Katika nchi ambako kazi yake ni jinai, asingefika hata kwenye kaunta.

Sheria ya New Zealand ina tobo moja, nalo limechimbwa na waliotaka kuzuia usafirishaji haramu. Kifungu cha 19 kinamkataza mwenye viza ya muda kuuza ngono, na anayebainika anaweza kufukuzwa nchini. Lengo linaeleweka. Lakini leo mwanamke mhamiaji akilazimishwa na mwenye danguro kulala na wateja bila kondomu, mwenye danguro anaweza kumwambia: nenda polisi, kesho utakuwa uwanja wa ndege. Anayemtishia hivyo hasemi uongo, na kifungu kikibaki kilivyo ataendelea kusema kweli.