Faini Iliyozidisha Uchelewaji

Mwaka 1998 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifanya jaribio katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako baadhi ya wazazi walikuwa na mazoea ya kuchelewa kuwachukua watoto jioni na kumlazimu mwalimu kubaki nao. Kwa wiki nne za kwanza waliochelewa walihesabiwa tu. Kisha vituo sita vikatangaza faini ya shekeli 10 kwa kila atakayechelewa zaidi ya dakika 10, na vinne vikaachwa kama vilivyo ili viwe vya kulinganishia. Kwa hesabu ya kawaida ya uchumi, kitu kikipanda bei hupungua wanunuzi, kwa hiyo uchelewaji ungepaswa kushuka. Badala yake uliongezeka, ukakaribia maradufu, na hata faini ilipofutwa haukurudi ulikokuwa.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mwanzoni mzazi alimwonea mwalimu haya, na faini ilipokuja ikamwondolea haya hiyo, kwa kuwa sasa muda wa mwalimu ulikuwa na bei na yeye ameilipa. Nayakubali, ila kwa tahadhari: jaribio lilihesabu waliochelewa, halikupima haya. Isitoshe, shekeli 10 zilikuwa fedha kidogo, na jaribio halisemi lolote kuhusu faini ya shekeli 100.

Hata hivyo, ni vigumu kupata njia nyingine ambayo ingetufikisha hapo. Wazazi wale wale wangepewa dodoso, bila shaka wengi wangejibu kwamba faini ingewafanya wawahi, tena wangesema hivyo kwa moyo mweupe. Ndiyo nguvu ya majaribio ya nyanjani: humkuta mtu akiwa katika shughuli zake, asiyejua kwamba anatazamwa. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan waliitumia nguvu hiyo walipotuma takriban maombi 5,000 ya kazi yaliyobuniwa kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikiwa zinalingana na majina yakigawanywa kwa bahati nasibu kati ya yale yanayosikika kuwa ya Wazungu na yale ya Wamarekani weusi. Matokeo yao ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba maombi yenye majina ya kundi la kwanza yalipata mwito wa usaili kwa takriban asilimia 50 zaidi. Ni mwajiri gani angekiri hilo mbele ya mtafiti?

Lakini waajiri hao walipotezewa muda na waombaji wasiokuwapo, bila kuombwa ridhaa. Kwangu mimi hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kilichofichuliwa. Mizani hubadilika pale kinachojaribiwa kinapokuwa riziki au afya ya watu wasio na uwezo wa kukataa; hapo hoja kwamba wasingejua haitoshi hata kidogo.

Swali gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kama matokeo yanasafirika. Angus Deaton, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2015, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kugawa makundi kwa bahati nasibu hutuambia kilichotokea mahali fulani kwa wastani, bila kutuambia kwa nini kilitokea wala kama kitatokea kwingine. Watetezi hujibu kwamba dawa yake ni kurudia majaribio mahali pengi, na jibu hilo lina uzito, mradi anayerudia awe tayari kupokea jibu tofauti.

Kenya imetoa mfano wake. Jaribio la awali magharibi mwa nchi lilionyesha kwamba walimu wa mkataba waliwasaidia wanafunzi kupata alama bora. Mpango ulipopanuliwa kwa majaribio sehemu mbalimbali za nchi, baadhi ya shule zikiwa chini ya shirika lisilo la kiserikali na nyingine chini ya serikali, alama zilipanda chini ya shirika tu. Chini ya serikali hazikubadilika. Mkataba uliojaribiwa ulikuwa wa aina ile ile. Kilichotofautiana ni nani aliyeusimamia, jambo ambalo jaribio la kwanza lisingeweza kulionyesha, kwa sababu ndani yake msimamizi alikuwa mmoja.