Mapigo ya Wayo Hayatoshi Kabla ya Kuchukua Fibula

Mgonjwa anapoondolewa sehemu kubwa ya taya la chini kwa sababu ya ameloblastoma, uvimbe usio wa saratani lakini unaokula mfupa na ambao katika hospitali zetu za Afrika Mashariki mara nyingi hufikishwa ukiwa umeshakua sana, njia inayotegemewa zaidi ya kumrudishia taya ni kuchukua fibula, yaani mfupa mwembamba wa kando ya muundi, pamoja na mshipa unaoulisha, kisha kuushonea mshipa huo kwenye mishipa ya shingo chini ya hadubini. Njia hii imezoeleka tangu daktari wa upasuaji Hidalgo alipoieleza mwaka 1989, na nadhani mazoea hayo ndiyo yanayotufanya tulegee katika maandalizi.

Mshipa wenyewe ni ateri ya peronea. Kwa watu wengi chini ya goti kuna ateri tatu, hivyo peronea ikiondolewa, zile mbili za tibia, yaani za mfupa mkubwa wa muundi, hubaki zikiulisha wayo. Wapo wachache, hata hivyo, ambao ateri za tibia ni nyembamba mno au huishia njiani, na peronea ndiyo hubeba karibu damu yote ya wayo. Kwa mtu kama huyo, kuchukua fibula ni kuuweka mguu rehani.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba kupapasa mapigo ya wayo kunatosha. Sikubaliani nao. Juu kidogo ya kifundo, tawi la peronea hupenya kuja mbele na kuweza kuijaza ateri ya juu ya wayo, kwa hiyo vidole vya daktari vitasikia mapigo mazuri yanayotoka kwenye mshipa uleule anaokusudia kuukata. Dopla ndogo ya mkononi, kifaa kinachosikiliza mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, nayo husaidia kutafuta vitawi vya ngozi, lakini haionyeshi damu imetokea wapi.

Ndiyo maana naona picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya mishipa ya miguu yote miwili isihesabiwe kuwa anasa, ingawa bei yake ni mzigo na dawa inayodungwa ili mishipa ionekane huhitaji tahadhari kwa mwenye figo dhaifu. Pasipo na CT, altrasaundi ya Dopla ifuatilie ateri zote tatu kuanzia gotini. Na ndani ya chumba cha upasuaji, peronea ibanwe kwanza kwa kibanio laini na wayo utazamwe kama bado unapata damu kabla ya kukata. Fomu ya ridhaa nayo itaje mguu wa pili au mfupa wa nyonga kama mbadala, kwa kuwa mgonjwa akishapewa nusukaputi hakuna wa kumwuliza.