Si kila aliyekufa kwa ini alikuwa mlevi

Msibani wiki iliyopita, wanawake wawili wakichambua mchele walinong'onezana: "Ini hilo. Alikuwa anakunywa kwa siri." Marehemu ni shangazi yangu. Hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Alikuwa na sukari ya miaka mingi, na watu wamemzika na kashfa isiyo yake.

Nakubali, pombe na homa ya ini B vinaua wengi kwetu. Lakini sukari aina ya pili nayo inalila ini, na hatuisemi.

Mwili ukishakuwa sugu kwa insulini, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu, mzigo unaliangukia ini. Mafuta yanayoachiliwa kutoka kwenye kitambi yanamiminikia huko, na sukari ya ziada ini lenyewe linaigeuza mafuta. Seli zake zinajaa, zinavimba, nyingine zinakufa. Pembeni yake kuna seli nyota, ambazo siku za kawaida kazi yake ni kutunza akiba ya vitamini A. Jirani zake wakijeruhiwa, zinaiachia akiba hiyo na kuanza kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi za kovu. Sukari na insulini zikibaki juu, uchochezi haukomi. Kovu linazidi, ini linakuwa gumu, damu inapita kwa shida, mwishowe tumbo linajaa maji. Miaka yote hiyo mgonjwa anaweza asisikie maumivu yoyote.

Nimelishika daftari lake la kliniki. Kurasa kwa kurasa: sukari kabla ya kula, presha, uzito. Macho yaliangaliwa, miguu ikaangaliwa, figo zikapimwa. Kuhusu ini hakuna hata mstari mmoja! Na wala hatuzungumzii mashine ya mamilioni. Kuna hesabu inaitwa FIB-4: umri, vimeng'enya viwili vya ini, AST na ALT, pamoja na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Basi. Kwa mtu wa makamo, jibu likiwa chini ya 1.3, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Likizidi hapo, apelekwe akapimwe ugumu wa ini. Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri watu wazima wenye sukari aina ya pili wafanyiwe hesabu hii. Na asikwambie mtu kwamba ini ni zima kwa sababu vimeng'enya viko sawa. Vinaweza kuwa sawa kabisa na kovu likawa limeshatambaa.

Likigunduliwa mapema, kovu linaweza kurudi nyuma. Mwenye uzito mkubwa akipunguza kama asilimia 10, ini lenyewe linaonyesha nafuu. Zile chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa stendi ziacheni, baadhi ya mitishamba inaliumiza zaidi.

Mkimpeleka mama au baba kliniki ya sukari mwezi huu, mwombeni daktari apige hesabu ya FIB-4 na aiandike kwenye daftari. Akisema haipo kwenye utaratibu wao, ombeni tena.